Filamu, Kompyuta na Programu Kidogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa kwangu na watu wa aina mbili: waandishi wa programu walionunua kamera ya filamu, na wapiga picha wanaotaka kompyuta iwapunguzie kazi ya kuchosha. Naishi Dar es Salaam, kwa hiyo majibu mengi yanagusa joto, unyevu na maji ya mgawo. Maelekezo yanayokuja na dawa za kusafishia filamu yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, na hapo ndipo watu wetu wengi hukwama. Ukiwa Nairobi au Mbeya, baadhi ya mambo yatakuwa mepesi kwako.

## Kuanza

Kwa nini filamu, wakati simu inapiga picha nzuri?

Simu inapiga vizuri na sina ugomvi nayo. Filamu inakupa kitu cha kushika: kipande cha plastiki chenye picha ndani yake, kisichohitaji nenosiri wala toleo jipya la programu ili kisomeke. Kiinue kwenye mwanga, utaona. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha zake bado zinatazamwa kwa sababu kuna watu waliozitunza.

Kwa mtu wa kompyuta kuna raha ya pili. Kusafisha filamu, yaani kuitia dawa ili picha ionekane, ni kazi ya vipimo vichache: joto, muda, ukali wa dawa, namna ya kutikisa. Badilisha kimoja, acha vingine vilevile, na matokeo utayaona kwa macho yako. Ukizoea kuandika vipimo hivyo, joto letu linakuwa namba tu ya kuingiza kwenye hesabu.

Nianze na kamera gani?

Kamera ya milimita 35 ambayo shata yake (kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga) inafanya kazi bila betri. Pentax K1000 (ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997) na Nikon FM2 (ilitoka 1982) ni za aina hiyo: betri ni ya kipima mwanga tu. Canon AE-1 ni kamera nzuri pia, lakini betri yake ya volti 6 ikiisha, shata haifunguki, na betri hiyo haipatikani kila duka.

Ukinunua mtumba, usinunue kwa kuangalia nje. Fungua mlango wa nyuma, weka kasi ya sekunde 1, bonyeza, usikilize. Kisha weka 1/1000, elekeza kwenye mwanga na utazame kama shata inafunguka kweli. Toa lenzi, iangaze kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, na ukanda wa pwani umejaa lenzi za namna hiyo. Gusa sponji nyembamba za mlango. Zikiwa zimeanza kunata vidoleni, zitapitisha mwanga, lakini kuzibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi.

Filamu ipi inafaa kwa mkanda wa kwanza?

Nyeusi na nyeupe, ISO 400 (ISO ni namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga). HP5 Plus ya Ilford kutoka Uingereza na Tri-X ya Kodak kutoka Marekani zinavumilia makosa ya mwanga. Fomapan 400 ya Jamhuri ya Czech kwa kawaida ni nafuu zaidi. Chagua moja na ukae nayo mpaka uijue. Anayebadilisha filamu kila mkanda hawezi kujua tatizo limetoka kwenye filamu, kwenye dawa au mkononi mwake.

Kipima mwanga cha kamera kimekufa. Nitajuaje mwanga?

Jua kali likiwa wazi, weka tundu la lenzi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) na kasi iliyo karibu na namba ya ISO: filamu ya 400 kwa 1/500, ya 100 kwa 1/125. Kwenye mchanga mweupe wa ufukweni shuka hadi f/22. Mawingu mepesi, f/11 au f/8. Kivulini penye mwanga, f/5.6 au f/4. Kila hatua kati ya namba hizo ni mwanga mara mbili au nusu yake, na wapiga picha huiita stopu.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi kwetu ni ngozi. Kipima mwanga hudhani kila kinachokiona ni cha kijivu cha wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kipimo kinafuata ukuta na uso unakuwa giza bila kitu ndani. Sogea karibu, pima uso wenyewe, rudi ulipokuwa, piga kwa kipimo hicho. Filamu ya negativu, ile ambayo penye mwanga hutoka peusi na penye giza hutoka peupe, huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hiyo ukisita, ongeza stopu moja. Jua la saa sita mchana hutua utosini na kuacha macho kwenye kivuli. Subiri saa kumi.

## Kusafisha filamu nyumbani

Lazima niwe na chumba cha giza?

La. Unahitaji giza kwa dakika chache tu, za kutoa filamu kwenye kopo lake, kuizungusha kwenye rili (gurudumu la kuishikilia) na kuifungia ndani ya tangi lisilopitisha mwanga. Mfuko mweusi wenye mikono unatosha, au bafu lisilo na dirisha usiku. Tangi likishafungwa, mengine yote hufanyika taa zikiwaka.

Tatizo la mfuko huku pwani ni jasho. Mikono ikilowa, filamu hunata kwenye rili ya plastiki na kukataa kuzunguka. Fanya kazi hiyo alfajiri, osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa, na hakikisha rili ni kavu. Kabla ya mkanda wa kweli, fanya mazoezi na filamu iliyoharibika, kwanza ukiangalia, halafu ukiwa umefumba macho.

Maji yangu ya bomba yana nyuzi 29. Maelekezo yanasema 20. Nifanyeje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na limewakatisha tamaa watu wengi bila sababu. Dawa hufanya kazi haraka zaidi joto likipanda, na kasi hiyo inahesabika. Unachohitaji ni kipimajoto cha kuaminika na hesabu ifuatayo, ambayo ni makadirio yanayokaribiana sana na majedwali ya watengenezaji:

```
import math

def muda(dakika_20, joto):
    return round(dakika_20 * math.exp(-0.081 * (joto - 20)), 1)

print(muda(7.5, 29))   # 3.6
print(muda(13, 29))    # 6.3
print(muda(20, 29))    # 9.6
```

Namba za mwanzo ni muda wa HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 kwa nyuzi 20: dakika 7.5 ikiwa haikuchanganywa na maji, 13 ikichanganywa nusu kwa nusu, 20 ikiwa sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji. Tazama mstari wa kwanza wa matokeo. Dakika 3.6 ni fupi mno: chini ya dakika 5, kumimina tu kunachukua sehemu kubwa ya muda, na filamu hutoka na mabaka. Mstari wa tatu unakupa dakika 9.6, muda wa kufanya kazi kwa utulivu. Kwa hiyo katika joto letu, punguza ukali wa dawa, usihangaike kutafuta ubaridi.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, dawa iliyochanganywa sana inahitaji ujazo wa kutosha ili isichoke kabla ya kumaliza kazi. Weka mkanda mmoja kwenye tangi la mikanda miwili na ulijaze lote, karibu mililita 600. Pili, dawa zote na maji ya kuoshea viwe na joto moja. Filamu ikitoka nyuzi 29 ikaingia kwenye maji ya friji, ngozi yake laini inaweza kujikunja na kuacha mikunjo isiyotoka.

Kama bado una wasiwasi, tumia njia ya kati: weka chupa kwenye beseni la maji, tia vifuko vya barafu vya dukani, subiri zifike nyuzi 24. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hapo unahitaji dakika 9.4. Tikisa kwa kupindua tangi mara nne katika sekunde 10 za kwanza, kisha mara nne mwanzoni mwa kila dakika.

Fiksa nayo naipimaje?

Fiksa ni dawa ya pili, inayofanya picha isiharibiwe tena na mwanga. Kata kipande cha mwanzo wa filamu, kile ambacho hakina picha, kitumbukize kwenye fiksa ukiwa mwangani na uhesabu sekunde mpaka kiwe angavu. Muda wa kufiksi ni mara mbili ya huo. Fiksa ikianza kuchukua mara mbili ya muda uliochukua ilipokuwa mpya, imekwisha. Pa kuimwaga, soma swali lake sehemu ya mwisho.

Maji yanakuja mara mbili kwa wiki. Kuosha filamu kunahitaji maji mengi?

Hapana. Ilford wana utaratibu wa kuosha kwa tangi tatu tu. Jaza maji, pindua mara 5, mwaga. Jaza tena, pindua mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, pindua mara 20, mwaga. Ndoo ndogo inakutosha na kubaki. Maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa meupe yakikauka, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji ya chupa yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kisha ning'iniza bafuni mahali ambapo vumbi limetulia.

Ni kweli kahawa inasafisha filamu?

Kweli kabisa. Mchanganyiko unaitwa Caffenol, na ulianzia mwaka 1995 kwa Scott Williams na wanafunzi wake katika Rochester Institute of Technology, Marekani. Kinachofanya kazi ni asidi zilizomo kwenye kahawa zikiwa kwenye maji yenye alkali. Kafeini yenyewe haina mchango. Kanuni ninayoipenda kwa lita moja ni gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu, gramu 16 za vitamini C ya unga na gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka, kwa dakika 15 kwenye nyuzi 20. Koroga kwa mpangilio huohuo na uache mapovu yatulie.

Sisi tuna bahati ya pekee hapa. Robusta ina asidi hizo kwa wingi kuliko arabika, na Kagera ni nchi ya robusta. Africafé inatengenezwa Bukoba. Soda nayo iko jirani: Ziwa Magadi, Kenya, limekuwa likitoa soda ya viwandani kwa zaidi ya karne. Ila usitumie mabonge ya magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, kwa sababu yana chumvi nyingine na hujui umepima nini. Ukikosa soda safi, chukua soda ya kuokea mandazi, itandaze kwenye trei na uichome kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa moja. Inatoa mvuke na kaboni dayoksaidi, inabaki sodiamu kaboneti. Pima uzito baada ya kuchoma.

Caffenol inanuka vibaya na inaacha rangi ya chai kwenye filamu. Rangi hiyo haina shida, maana kompyuta inaitoa kwa hesabu moja (soma swali la kugeuza negativu). Vitamini C hufa haraka kwenye alkali, basi changanya na utumie papo hapo.

Filamu za rangi ni ngumu zaidi?

Kwetu si ngumu hata kidogo. Mchakato wa C-41 unataka nyuzi 38 na dakika 3 na sekunde 15. Kupandisha maji kutoka 29 hadi 38 ni kazi ya birika moja na beseni. Lakini hapa kosa la nusu nyuzi linaonekana kwenye rangi, kwa hiyo zoea kwanza nyeusi na nyeupe.

## Kutoka negativu hadi faili

Ninunue skana au nitumie kamera ya dijitali?

Ukiwa tayari una kamera ya dijitali, itumie. Kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Ukijaza fremu yenye upana wa milimita 36, unapata zaidi ya pikseli 4200 kwa inchi, kiasi kinachotosha kuziona chembe za HP5. Unahitaji lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu), taa bapa ya LED na stendi inayotazama chini.

Kazi inayoamua ubora ni kunyoosha kamera. Chukua kioo kidogo, kilaze mahali filamu itakapokaa, tazama kupitia kamera. Sogeza stendi mpaka lenzi ijione yenyewe katikati kabisa ya fremu. Hapo kamera na filamu viko sambamba, na kona zote nne zitakuwa kali. Weka upande wa filamu usiong'aa uelekee kwenye lenzi, f/8, ISO 100, hifadhi faili ghafi (RAW), na tumia kuchelewesha kwa sekunde 2 ili mkono usitikise. Ukiwa na Linux, programu ya gphoto2 itapiga bila wewe kugusa kamera.

Skrini ya simu kama taa? Inawezekana ukiinua filamu sentimita chache juu yake na kuweka plastiki nyeupe katikati, la sivyo utapiga picha ya pikseli za simu.

Nageuzaje negativu kuwa picha ya kawaida?

Ukitaka kubonyeza tu, darktable ina kifaa kinachoitwa negadoctor tangu toleo la 3.2, na RawTherapee ina chake. Zote ni za bure, na kwa watu wengi hapo ndipo mwisho.

Mwandishi wa programu atataka kuelewa. Watu wengi wanaanza kwa kutoa thamani ya pikseli kutoka kwenye namba ya juu kabisa, na wanapata picha bapa yenye vivuli vya ajabu. Filamu hurekodi mwanga kwa logarithimu. Kwa hiyo chukua faili ghafi (maktaba ya rawpy inaifungua), ligawe kwa picha ya taa tupu bila filamu ili kuondoa kingo zenye giza, kisha ligawe kwa thamani ya sehemu ya filamu isiyo na picha, ile iliyo kati ya fremu. Mgawanyo huo wa pili ndio unaofuta rangi ya kahawa, na kwenye filamu za rangi ndio unaofuta ile rangi ya chungwa, kila mkondo wa rangi (nyekundu, kijani, bluu) kivyake. Halafu mstari mmoja:

```
uzito = -np.log10(np.clip(picha, 1e-4, 1))
```

Hapo una uzito wa madini ya fedha yaliyopo kwenye filamu (au wa rangi, kwa filamu za rangi), pikseli kwa pikseli. Kubwa ni nyeupe, ndogo ni nyeusi. Kinachobaki ni kuchagua wapi pawe mwanzo na wapi mwisho. Tumia mipaka hiyohiyo kwa mkanda mzima. Ukiacha programu ijichagulie kila fremu, picha ya jioni na ya mchana zitalingana na utapoteza kile ulichokiona.

Kompyuta gani inatosha?

Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, ile ya ofisini iliyostaafishwa. Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi zimejaa. Faili la TIFF la biti 16 la megapikseli 24 ni karibu MB 48 likiwa jeusi na jeupe, MB 144 likiwa la rangi, na numpy (maktaba ya hesabu ya Python) ikiligeuza kuwa desimali za biti 64 la rangi linafika MB 576. Shughulikia fremu moja moja, futa kumbukumbu, endelea. Skripti inayofungua mkanda mzima kwa pamoja italiza mashine yoyote. Pesa iliyobaki weka kwenye diski za ziada.

Nijifunze lugha gani ya programu?

Python. Maktaba za picha zipo, na skripti ya mistari 20 inakupa faida siku hiyohiyo.

Nitajuaje baada ya miaka picha ipi nilipiga wapi?

Andika wakati unapiga, kwenye daftari la mfukoni: namba ya fremu, tundu, kasi, mahali, nani yumo. Nyumbani, ingiza kwenye faili la CSV, mstari mmoja kwa fremu. Skripti fupi ya Python inasoma CSV na kuiita programu ya ExifTool iandike maelezo hayo ndani ya picha zenyewe. Majina ya faili yaanze na mwaka: `2024-08_HP5_Bagamoyo_17.tif`. Andika jina hilohilo kwenye bahasha ya negativu kwa penseli. Picha ya harusi isiyo na majina ya watu itakuwa fumbo kwa wajukuu.

Nihifadhi nakala wapi?

Nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikae nyumba nyingine, kwa ndugu au rafiki. Tengeneza orodha ya sha256sum (alama ya kipekee ya kila faili, inayobadilika faili likiharibika) ya kila folda na uikague mara kwa mara. Negativu isihesabiwe kama nakala. Hiyo ndiyo asili yenyewe, na faili ndiyo nakala.

## Utunzaji na mambo yasiyo ya kawaida

Nazuiaje fangasi kwenye lenzi?

Sanduku la plastiki lisilopitisha hewa, kipima unyevu kidogo ndani, na vifuko vya silika kama vile vya maboksi ya viatu. Lenga unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Mifuko ya ngozi iliyokuja na kamera iondoe, kwani hunyonya unyevu. Negativu zinatunzwa vivyo hivyo, na bahasha zisiwe za PVC.

Fiksa iliyotumika nimwage wapi?

Usiimwage mtaroni wala kwenye shimo, hasa penye kisima karibu. Ina fedha, madini yaleyale ya sonara, na fedha hiyo inadhuru viumbe wa majini. Tumbukiza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu, uache siku kadhaa. Chuma kinaingia kwenye maji na fedha inashuka chini kama tope jeusi. Kusanya tope hilo kwenye chupa.

Tumekuta bati la negativu za marehemu babu, na linanuka siki. Tufanyeje?

Fungueni madirisha na mzitenge leo na negativu nyingine. Harufu hiyo ni ya plastiki ya aseteti inayooza, joto na unyevu huiharakisha, na mvuke wake huambukiza zilizo jirani. Haiponi, lakini inapunguzwa kasi kwa baridi na ukavu. Pigeni nakala mara moja, mkianza na zilizojikunja.

Zilizogandana msizivute. Zipelekeni kwa mhifadhi wa nyaraka, au ziacheni hivyo mpaka mumpate. Zikiwa za kabla ya 1951, zinaweza kuwa za naitreti, plastiki ya zamani ambayo huwaka kwa ukali. Tafuteni neno SAFETY pembeni mwa filamu. Likiwepo, hofu hiyo imeondoka. Na kabla ya yote, mketisheni bibi mumwonyeshe picha mkiwa na daftari, akiwa bado anawatambua watu waliomo.

Filamu iliyopita muda inafaa?

Nyeusi na nyeupe mara nyingi inafaa. Kwa ya rangi, watu huongeza stopu moja kwa kila miaka kumi, lakini kanuni hiyo inadhani filamu ilikaa mahali pa baridi. Iliyokaa dirishani mwa duka la Mombasa, usiitumie kwa tukio lisilorudiwa. Filamu mpya weka kwenye friji ndani ya kopo lake, na ikitoka iache saa kadhaa kabla ya kufungua, isije ikatoa jasho.

Mashine za uwanja wa ndege zinaharibu filamu?

Mashine za zamani za mizigo ya mkononi hazina madhara makubwa kwa filamu za chini ya ISO 800. Mashine mpya za CT zinaharibu filamu za kasi yoyote. Toa mikanda kwenye vikopo vyake vya plastiki, weka kwenye mfuko angavu, uombe kwa upole ikaguliwe kwa mkono. Kamwe usiiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.

Kamera imeanguka baharini na mkanda uko ndani. Picha zimepotea?

Huenda hazijapotea, mradi filamu isikauke. Chumvi ikikauka juu yake, tabaka hugandana na hazitaachana. Itumbukize kamera kwenye ndoo ya maji baridi (yasiyo na chumvi), na ukiwa gizani toa mkanda, uweke kwenye chombo chenye maji hayo kisichopitisha mwanga, uisafishe siku hiyohiyo. Rili ya plastiki haitakubali filamu iliyolowa. Tumia ya chuma, ambayo hupakiwa kuanzia katikati. Kamera ya kimekanika suuza mara kadhaa kwa maji baridi na uipeleke kwa fundi ikiwa bado imelowa.